Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947): Kadhi na Lugha ya Umma

Mkaazi wa Kiandutu, mtaa wa mabanda ulio pembezoni mwa mji wa Thika, akizozana na nduguye juu ya mali aliyoiacha baba yao, aghalabu huanza shauri lake kwa Kiswahili. Wazee husikiliza kwa Kiswahili, chifu husuluhisha kwa Kiswahili, na majirani waliotoka pande mbalimbali za nchi hufuata kila neno kwa kuwa hiyo ndiyo lugha iwaunganishayo. Shauri likivuka na kufika mahakamani, hubadilika sura. Sheria ya Kenya inaruhusu Kiswahili katika mahakama za chini, lakini hati, hoja na hukumu kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, na katika Mahakama Kuu Kiingereza ndicho lugha ya kesi. Mwenye shauri hubakia akimtazama wakili wake usoni ili asome hapo kama ameshinda au ameshindwa.

Tatizo hili la sheria kukaa katika lugha asiyoijua mwenye haki si geni katika Afrika Mashariki, wala halikuletwa na Kiingereza peke yake. Mombasa ya mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa na wanasheria mahiri, ila elimu yao ilihifadhiwa katika Kiarabu. Raia wa kawaida, mvuvi wa Mji wa Kale au mchukuzi wa bandarini, alihukumiwa kwa vitabu ambavyo hangeweza kuvisoma. Miongoni mwa waliolelewa ndani ya elimu hiyo alitokea mmoja aliyeamua kuzitoa hoja zake nje na kuziweka katika karatasi ya Kiswahili iliyosomwa barazani. Huyo ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui.

Wasomi wengi wa leo humfahamu kwa njia ya mwanawe, Profesa Ali Mazrui (1933–2014), aliyefundisha Makerere, Michigan na Binghamton na kupata sifa duniani kote. Ni desturi mtoto kutambulishwa kwa baba, na hapa mambo yamepinduka. Katika madarasa ya fasihi ya Kiswahili hali si nzuri zaidi. Historia ya nathari yetu hufunzwa kama kwamba ilianzia kwa wamisionari na tafsiri za hadithi za Kizungu, kisha ikamfikia Shaaban Robert. Insha za Sheikh Al-Amin, zilizoandikwa kuanzia 1930 na Mswahili kwa ajili ya Waswahili, hutajwa kwa nadra, labda kwa sababu zinadhaniwa kuwa ni mambo ya dini tu.

Yafaa kukumbusha kwamba wakati huo hapakuwa na chuo kikuu cha sheria katika eneo hili zima. Kitivo cha kwanza cha sheria kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961. Kabla ya hapo, mahali pa kusomea sheria ya Kiislamu palikuwa msikitini na nyumbani kwa sheikh. Mwanafunzi aliketi mbele ya mwalimu, akasoma matini neno kwa neno, akaelezwa irabu, maana na khitilafu za wanavyuoni, na baada ya miaka akapewa ijaza, yaani idhini ya kukifundisha kitabu kile. Nahau ilitangulia, kisha fiqhi ya madhehebu ya Shafii, hadithi, tafsiri na hesabu za mirathi. Minhaji ya Imamu Nawawi, aliyefariki 1277, ilikuwa nguzo ya masomo hayo. Sheikh aliyehitimu njia hii na kuwa na wanafunzi wake mwenyewe alikuwa profesa wa sheria kwa kila maana ya neno hilo, isipokuwa joho.

Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891 katika ukoo ambao historia yake ilionekana kwa macho kila alipotoka nje. Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno mwaka 1593 na kutwaliwa na Waomani mwaka 1698, ndiyo iliyokuwa makao ya Wamazrui walipoitawala Mombasa katika karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19. Ni wao ambao Muyaka bin Haji aliwatetea kwa tungo zake. Mwaka 1837 Sayyid Said bin Sultan aliuvunja utawala huo, wakuu wao wakakamatwa na kupelekwa uhamishoni Bandar Abbas. Tangu hapo ukoo uliopoteza upanga ulishika kalamu. Abdalla bin Nafi, babu yake Al-Amin, alihamia Makka, na huko ndiko mwanawe Ali alikosomea. Sheikh Ali bin Abdalla (1825–1894) alirudi akawa kadhi wa Mombasa na mwanachuoni wa kuogopewa kwa hoja, kiasi cha kutiwa gerezani na Sultani Barghash. Kisa hicho cha baba kina umuhimu wake, maana kilimwachia mtoto somo ambalo hakuna kitabu cha fiqhi kilichoweza kumpa: kwamba mwanasheria na mtawala huweza kukaa mkeka mmoja, lakini mkeka ni wa mtawala.

Baba huyo alifariki Al-Amin akiwa hajatimiza miaka minne. Mwaka uliofuata, 1895, mambo mawili yalitokea ambayo yangeamua mipaka ya maisha yake yote. La kwanza ni vita vya Mbaruk bin Rashid wa Gazi, Mmazrui wa tawi jingine, aliyepigana na Waingereza hadi 1896 alipokimbilia upande wa Wajerumani. La pili ni mkataba wa Desemba 1895, ambao ulimwachia Sultani wa Zanzibar bendera yake katika ukanda wa maili kumi wa pwani na kuwapa Waingereza utawala wenyewe. Maliwali, mamudiri na makadhi walibakizwa. Kanuni za mahakama za mwaka 1897 ziliwatambua rasmi, na kwa kuwatambua zikawafanya watumishi wa serikali ya kikoloni. Ngome ya mababu ikageuzwa jela, na ikabakia jela hadi 1958.

Malezi ya yatima huyo yalichukuliwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, mwanachuoni ambaye baadaye alipanda hadi cheo cha Kadhi Mkuu. Kwake Al-Amin alisoma misingi yote. Alipopevuka alivuka bahari mara kwa mara kwenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdalla Bakathir, mabingwa wawili waliokuwa marejeo ya Washafii kutoka Lamu hadi Ngazija, na ambao wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1925. Ibn Sumayt alikuwa kadhi wa Zanzibar kwa miaka mingi. Kutoka kwa walimu hao Al-Amin alipata kilele cha elimu ya kale, na pia dirisha la kutazamia mambo mapya.

Dirisha hilo lilikuwa Misri. Sheikh Muhammad Abduh wa Kairo, aliyefariki 1905, na mwanafunzi wake Rashid Rida, mhariri wa jarida la Al-Manar lililoanza 1898, walikuwa wakihoji jambo moja ambalo liliumiza kila bandari ya Waislamu: kwa nini umma uliokuwa mbele umekuwa nyuma? Jibu lao lilikuwa kwamba kosa si la dini, bali la watu walioacha akili, wakafuata mazoea na kuyaita dini. Al-Amin aliyasoma maandishi hayo kwa bidii, na alipoinua macho kutoka ukurasani aliiona Mombasa. Reli ilikuwa imefika ziwani tangu 1901, shule zilizofungua milango ya kazi za ofisini zilikuwa za misheni, biashara ilikuwa imekamatwa na wengine, na vijana wa Mji wa Kale walikuwa hawana Kiarabu cha babu zao wala Kiingereza cha watawala. Maulamaa walijua jibu la Abduh. Waliobaki hawakulijua kwa kuwa lilikuwa katika Kiarabu.

Hapa ndipo lugha inapoingia katika kisa hiki, na inaingia kwa kejeli. Mnamo Juni 1928 kikao cha maafisa na wataalamu wa lugha, akiwemo Profesa Carl Meinhof wa Ujerumani, kilikutana Mombasa kuchagua lahaja itakayokuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kilichochaguliwa ni Kiunguja. Kimvita, lahaja ya Muyaka na ya mji uliokuwa mwenyeji wa kikao, kilishindwa nyumbani kwake. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi, na vitabu vya shule vikawa vya Kiunguja na vya herufi za Kirumi. Mwaka huohuo wa 1930, katika mji huohuo, Sheikh Al-Amin alianza kutoa Sahifa, karatasi ndogo ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Jina lake lina maana ya ukurasa, na halikupita hapo kwa majivuno. Hata hivyo watafiti huitambua kuwa ndiyo gazeti la kwanza la Kiislamu katika lugha ya Kiswahili.

Uamuzi wake wa hati usifasiriwe kuwa ni ukaidi mbele ya kamati. Watu wake walijifunza herufi za Kiarabu chuoni wakiwa wadogo ili wasome Kurani. Wengi waliweza kuzitamka bila ya kuelewa lugha yenyewe. Al-Amin aliuchukua ustadi huo uliokuwa nusu, akautia maana kwa kuandika Kiswahili ndani yake. Mtu ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akisoma asichokielewa aliweza, kwa mara ya kwanza, kusoma na kufahamu papo hapo.

Yaliyomo hayakuwa ya kubembeleza. Mwandishi aliwasuta watu wa tabaka lake kwa uvivu, kwa kuuza walivyorithi na kwa kugombania nasaba ilhali elimu inawapita. Alikemea gharama za harusi na matanga zilizoiacha familia ikidaiwa. Alitetea elimu ya kisasa, na akataka watoto wa kike nao wasomeshwe, mradi mipaka ya sheria ilindwe. Mintarafu ya Wazungu alishika msimamo ambao haukuwaridhisha waliowachukia wala waliowaabudu. Alitaka waigwe katika bidii, mpango wa kazi, ushirikiano na kupenda elimu, na wasiigwe katika ulevi, mavazi ya kujionyesha na kudharau vya nyumbani. Mpangilio wa hoja zake ni wa kadhi hata pale anapozungumzia kofia. Hutaja jambo, huweka dalili, hujibu pingamizi, kisha hutoa uamuzi. Hiyo ni fiqhi iliyovuliwa kilemba, na ndiyo inayozipa insha hizo nguvu ya kifasihi. Sentensi ni fupi kwa kulinganisha na nathari ya zama zile, na msomaji hupewa sababu kabla ya kupewa amri.

Kisa cha mwanasheria anayeiacha lugha ya wasomi ili awafikie watu kina mwenziwe mashuhuri katika Ulaya, na kulinganisha hakudhuru. Christian Thomasius, aliyezaliwa Leipzig mwaka 1655, alikuwa mtoto wa mwanafalsafa na daktari wa sheria. Katika vyuo vikuu vya Ujerumani wa wakati wake sheria ilifundishwa kwa Kilatini, na mhadhiri aliyejiheshimu hakuthubutu kutumia lugha ya jikoni. Mwaka 1687 Thomasius alibandika tangazo la mhadhara kwa Kijerumani. Mada yake, ajabu iliyoje, ilikuwa ni namna gani Wajerumani wawaige Wafaransa, waliokuwa wakitamba Ulaya nzima kwa adabu na mitindo. Mwaka uliofuata akaanzisha jarida la kila mwezi la Kijerumani, akawadhihaki wenzake humo, na kufikia 1690 akapigwa marufuku kufundisha na kuchapisha mjini Leipzig. Alikimbilia Halle, ambako chuo kikuu kilifunguliwa mwaka 1694 na yeye akawa nguzo ya kitivo cha sheria. Huko aliandika dhidi ya kesi za uchawi mwaka 1701, na dhidi ya mateso ya washtakiwa mwaka 1705. Alifariki 1728, mwaka mmoja baada ya Anton Wilhelm Amo, Mwafrika kutoka pwani ya Ghana ya leo, kuingia chuoni humo.

Al-Amin hana habari na Thomasius katika chochote kilichobakia cha maandishi yake. Hakumwiga. Walifikishwa mahali pamoja na hali zinazofanana: elimu iliyofungiwa, taifa jirani linaloigwa bila ya kupimwa, na mwanasheria aliyechoka kuwahutubia wanasheria wenzake. Tofauti yao pia ni kubwa. Mjerumani alipofukuzwa Leipzig alipata mtawala mwingine wa Kijerumani wa kumpokea, na chuo kikuu kikajengwa. Mmombasa hakuwa na Halle ya kukimbilia. Mtawala alikuwa mmoja tu, mgeni, na ndiye huyo huyo aliyeshika ufunguo wa mahakama.

Upinzani haukuchelewa, na ulitoka nyumbani. Sheikh alipinga kuwaomba waliozikwa, alipinga bidaa zilizoingizwa katika mazishi, na hakuona kwamba nasaba peke yake inampa mtu haki ya kubusiwa mkono. Katika pwani ambayo Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ulioasisiwa na Habib Saleh, ulikuwa umeivuta mioyo ya maskini kwa maulidi na matwari, maneno hayo yaligusa panapouma. Hapa hukumu ya haki huwa ngumu. Al-Amin alikuwa sahihi kwamba matumizi ya fahari yaliwafukarisha watu. Lakini mtu wa ukoo wa watawala anapomwambia mtoto wa mtumwa kwamba furaha yake ni bidaa, mtoto huyo huweza kusikia zaidi ya fatwa. Riyadha iliwafungulia mlango watu ambao zamani hawakukaribishwa katika darasa za mabwana. Insha za Sheikh, kwa upendo wake wote kwa umma, huwahutubia zaidi wale waliokuwa na kitu cha kupoteza.

Februari 1932 karatasi ndogo ilifuatwa na gazeti kubwa zaidi, Al-Islah, yaani marekebisho, lililokuwa na sehemu ya Kiarabu na sehemu ya Kiswahili. Halikudumu. Mwaka huohuo Al-Amin aliteuliwa kuwa Kadhi wa Mombasa, na kufikia 1933 gazeti lilikuwa limekoma. Hakuna haja ya kutafuta njama ya siri. Mtumishi wa serikali hawezi kwa muda mrefu kuwa mhariri anayewauliza watu wake kwa nini wametawaliwa, na kadhi anayesikiliza kesi asubuhi hawezi kuwasuta wadai jioni. Pamoja na hayo uamuzi wa kukubali cheo ulikuwa wake, na ndio ulioigawa kazi yake nusu mbili. Wapo wanaousikitikia. Gazeti lilikuwa jipya na la pekee, ilhali makadhi hawakukosekana. Lakini mtu aliyekuwa ameandika kwamba umma umeharibika kwa kukosa waongozaji waadilifu angejibu nini alipoitwa kuja kuongoza? Kukataa kungekuwa ni kuikanusha kalamu yake.

Kazi ya kadhi chini ya Waingereza ilikuwa nyembamba na nzito kwa pamoja. Jinai na biashara zilikuwa zimeondolewa mikononi mwake. Kilichobaki ni ndoa, talaka, eda, ulezi, wakfu na mirathi, yaani mambo ambayo humfikia kila mtu, tajiri na fukara. Katika mirathi ndipo lugha ilipopimwa. Mume akifariki na kumwacha mke mmoja, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike, mke hupata thumni. Sehemu saba za nane zilizosalia hugawiwa watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Mali ikikatwa mafungu 32, mke huchukua 4, mwana wa kiume 14, na kila binti 7. Hesabu hiyo si ngumu ikishaelezwa. Isipoelezwa, mjane asiyejua kusoma hubakia kumwamini shemeji yake, na mashemeji si maimamu. Mtu aliyekuwa amezoea kuitafsiri sheria kwa Kiswahili katika karatasi zake aliingia katika mahakama ambako tafsiri hiyo ilikuwa ni tofauti kati ya kula na kulala njaa.

Mwaka 1937 alimrithi Sheikh Suleiman, mlezi wake, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na alibakia katika kiti hicho hadi kufa. Cheo kilikuwa cha heshima, ila juu yake palikuwa na majaji wa Kiingereza waliosikiliza rufani, na hao waliposoma sheria ya Kiislamu waliisoma kwa miwani ya Bara Hindi. Suala la wakfu linaonyesha hali hiyo waziwazi. Kwa fiqhi ya Shafii, mtu anaweza kuifunga nyumba au shamba lake liwafae watoto wake na vizazi vyao, isiuzwe wala kurithiwa. Mwaka 1894 baraza la rufani la London lilikuwa limeamua katika kesi ya Uhindini kwamba wakfu wa aina hiyo ni batili. Mahakama za Afrika Mashariki zikaubeba uamuzi huo, na mwaka 1952, miaka mitano baada ya kifo cha Al-Amin, baraza lilelile liliuthibitisha katika kesi iliyotoka Kenya. Hivyo Kadhi Mkuu alikuwa msomi mkubwa kuliko wote wa sheria hiyo nchini, na neno lake halikuwa la mwisho juu yake. Baba alifungwa na Sultani. Mwana hakufungwa na mtu, alipewa mshahara na mipaka.

Alichokizuia cheo kilirudi kwa mlango mwingine. Mwaka 1944 insha zilizokuwa zimetoka katika magazeti yake zilikusanywa zikawa kitabu, Uwongozi. Karatasi zilizokuwa zimekusudiwa kusomwa na kutupwa zikapata jalada. Msomaji aliyelelewa Kiandutu, ambaye Kiswahili chake kimefinyangwa na shule, redio na stendi ya matatu ya Thika, akikifungua kitabu hicho hukutana na Kimvita tangu jina lake. Hajazoea lugha ambayo njia ni ndia, nchi ni nti na macho ni mato, wala wingi wa msamiati wa Kiarabu ambao Mombasa ya miaka ya 1930 iliuona kuwa wa kawaida. Atakwama hapa na pale. Lakini akivumilia kurasa chache atagundua kwamba mabishano yenyewe anayajua: kijana asomeshwe nini, mkopo wa arusi ulipwe na nani, mgeni aigwe hadi wapi. Kwa bahati nzuri, mwaka 2017 shirika la Brill la Leiden lilitoa toleo la kitaalamu la sehemu ya insha hizo pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kazi ya Kai Kresse na Hassan Mwakimako. Ni jambo la kufurahisha na la kutia aibu kidogo kwamba insha za Kiswahili za Mombasa zimepata makao mazuri zaidi Uholanzi kuliko katika silabasi za hapa.

Kiarabu hakukitupa. Historia ya utawala wa Wamazrui wa Mombasa aliiandika kwa Kiarabu, na ilibidi isubiri hadi 1995 ndipo ikachapishwa Uingereza pamoja na tafsiri ya J. McL. Ritchie. Mgawanyo huo wa lugha una maana. Alipotaka kuzungumza na wanavyuoni na vizazi kuhusu walivyokuwa Wamazrui, aliandika kwa lugha ya wanavyuoni. Alipotaka kuzungumza na jirani kuhusu watakavyokuwa watoto wake, aliandika kwa lugha ya jirani.

Darasa zake hazikukoma alipokuwa mahakamani. Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, jamaa na mwanafunzi wake, alikuja kuwa Kadhi Mkuu mwaka 1963, na katika miaka ya 1970 akatoa gazeti la Sauti ya Haki kwa Kiswahili, kwa ukali uleule wa Al-Islah. Aliyemfuata katika kiti cha Kadhi Mkuu mwaka 1968 ni Sheikh Abdalla Saleh Farsy wa Unguja, naye pia akimhesabu Al-Amin miongoni mwa walimu wake. Farsy ndiye aliyekamilisha tafsiri ya Kurani nzima kwa Kiswahili kwa mkono wa mwanachuoni wa Kisunni, iliyochapishwa 1969. Kabla yake zilikuwapo ya Kasisi Godfrey Dale ya 1923 na ya Waahmadiyya ya 1953, na zote mbili ziliwakera maulamaa wa pwani. Kwa nini basi maulamaa wenyewe walichelewa kiasi hicho? Wengi wao walishikilia kwamba neno la Mungu halitafsiriki. Al-Amin hakuwa na woga huo. Alianza tafsiri na ufafanuzi wake mwenyewe kwa Kiswahili, akiifanya kazi hiyo pembeni ya mafaili ya mahakama.

Mwanawe Ali alikuwa na miaka 14 wakati huo. Baba alikuwa amekusudia kumpeleka Al-Azhar, Kairo, akawe mwanasheria wa Kiislamu, na laiti nia hiyo ingetimia, dunia huenda ingempata kadhi mwingine na kumkosa profesa. Mwezi wa Aprili 1947 Sheikh Al-Amin alifariki mjini Mombasa akiwa na umri wa miaka 56. Safari ya Kairo haikufanyika. Miswada ya tafsiri ilibakia nyumbani, haijakamilika, mpaka Muhammad Kasim alipoishughulikia. Sehemu ya kwanza, kuanzia Al-Fatiha hadi mwisho wa Al-Baqara, ilichapishwa Nairobi mwaka 1980, kwa herufi za Kirumi.